Maadhimisho ya Muziki wa Roki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa watangazaji wa redio, waandaaji wa matamasha na mashabiki wanaotaka kutaja tarehe ya roki bila kuumbuka. Makosa mengi hayatokani na uvivu. Tukio moja huwa na tarehe tatu au nne za kweli, na mtu huchukua ya kwanza anayoiona bila kujiuliza inahesabu nini: siku ya kurekodi, siku ya kutoka, siku ya kushika chati, au siku habari ilipomfikia mwandishi.

Niseme maadhimisho, kumbukizi au jubilei?

Kwa kifo, sema kumbukizi. "Maadhimisho ya miaka 30 ya kifo" utayasikia, lakini masikioni mwa wengi yanakaa kama sherehe juu ya kaburi. Maadhimisho yafaa kwa tamasha, albamu au kuanzishwa kwa bendi. Jubilei hutumika kwa miaka 25 (fedha), 50 (dhahabu) na 60 (almasi), ingawa wapo wanaoipeleka almasi kwenye 75. Ukiwa na shaka, taja idadi ya miaka na uliache jina la madini.

Kwa marehemu usiseme "leo anatimiza miaka 80". Sema "angetimiza". Silabi hiyo moja ndiyo inayoonyesha kuwa unajua unamzungumzia nani.

"Kutimiza miaka 50" na "kuingia mwaka wa 50" si kitu kimoja?

Hapana, na hapa watangazaji wengi huteleza. Bendi iliyoanza mwaka 1970 iliingia mwaka wake wa 50 mwaka 2019, siku ilipotimiza 49. Miaka 50 kamili ilitimia 2020. Toa mwaka wa tukio kwenye mwaka uliopo. Jibu ndilo idadi ya miaka iliyotimia, ilimradi siku na mwezi vimeshafika. Kama bado, punguza moja.

Roki ilizaliwa tarehe ngapi?

Cheti cha kuzaliwa hakipo. Tarehe zinazogombewa ni hizi, na kila moja inahesabu jambo lake.

Machi 1951, Memphis: Jackie Brenston, akiwa na bendi ya Ike Turner, alirekodi "Rocket 88" katika studio ya Sam Phillips. Wanaoitetea wanasikiliza sauti yenyewe, hasa gitaa lenye mkwaruzo.

21 Machi 1952, Cleveland: mtangazaji Alan Freed aliandaa dansi la Moondog Coronation Ball, ambalo wengi hulihesabu kuwa tamasha la kwanza la roki. Ukumbi ulibeba watu kama 10,000, lakini waliofika walikuwa wengi zaidi, milango ikavunjwa na onyesho likasimamishwa mapema. Sababu inayotajwa mara nyingi ni tiketi: onyesho la pili liliongezwa, na tiketi zake zikachapishwa zikiwa na tarehe ya lile la kwanza. Mwandaaji wa tamasha asome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

12 Aprili 1954, New York: Bill Haley alirekodi "Rock Around the Clock". Haukutikisa dunia mwaka huo. Ulifika namba moja Marekani tarehe 9 Julai 1955, baada ya kutumika kwenye filamu. Kwa hiyo wimbo huu peke yake una tarehe mbili za kuadhimishwa.

5 Julai 1954, Memphis: Elvis Presley, mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black walirekodi "That's All Right". Mji wa Memphis uliichukua tarehe hii ulipoadhimisha nusu karne ya roki mwaka 2004.

Ukilazimika kuchagua moja, chagua ya Elvis, lakini uitaje kwa jina lake: siku Elvis aliporekodi wimbo wake wa kwanza uliotolewa na Sun, lebo ya Sam Phillips. Ukiiita "siku roki ilipozaliwa" unawafuta Waafrika-Wamarekani waliokuwa wakiupiga muziki huo miaka kadhaa kabla, na wimbo wenyewe wa "That's All Right" ulikuwa wa Arthur Crudup, mwimbaji mweusi wa blues.

Kwa nini albamu moja ina tarehe mbili za kutoka?

Kwa sababu hadi siku za karibuni kila nchi ilitoa kwa ratiba yake. "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd ilitoka Marekani tarehe 1 Machi 1973, na Uingereza ikaipata baadaye mwezi huohuo. Anayeadhimisha tarehe 1 anatumia kalenda ya Marekani kwa bendi ya Kiingereza. Si kosa, ila aseme.

Mfano mgumu zaidi ni "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band" ya Beatles. Tarehe rasmi Uingereza ni 1 Juni 1967, na wengi wameikariri. Lakini madukani ilianza kuuzwa 26 Mei. Angalia siku za wiki: 26 Mei 1967 ilikuwa Ijumaa, 1 Juni ilikuwa Alhamisi. Toleo la miaka 50 lilitoka 26 Mei 2017, nalo Ijumaa. Wenye albamu walichagua tarehe ambayo watu waliishika santuri mkononi.

Siku ya wiki ni kipimo kizuri cha kugundua uongo. Tangu 10 Julai 2015 albamu mpya hutoka Ijumaa karibu dunia nzima. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi Marekani ilikuwa Jumanne na Uingereza Jumatatu. "Nevermind" ya Nirvana inatajwa 24 Septemba 1991. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, inakaa sawa. Ukiona albamu ya Marekani ya miaka ya 1990 inadaiwa kutoka Jumapili, tafuta zaidi kabla ya kufungua kipaza sauti.

Nitajuaje tukio liliangukia siku gani, au maadhimisho yataangukia siku gani?

Chukua idadi ya miaka, ongeza idadi ya tarehe 29 Februari zilizopita katikati, gawa kwa 7. Baki ndilo idadi ya siku unazosogea mbele.

Live Aid, matamasha ya kuchangia waathirika wa njaa, ilikuwa Jumamosi, 13 Julai 1985. Hadi 13 Julai 2025 ni miaka 40, na tarehe 29 Februari zilizopita ni 10. Jumla 50, ukigawa kwa 7 inabaki 1. Jumamosi ukisogeza siku moja ni Jumapili.

Mtego uko Januari na Februari. Beatles walionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, Marekani, Jumapili, 9 Februari 1964. Mwaka 1964 wenyewe ulikuwa mrefu (siku 366), na tarehe 29 yake ilikuja baada ya tukio, kwa hiyo lazima ihesabiwe. Hadi 9 Februari 2014 ni miaka 50 na tarehe 29 Februari 13, jumla 63, baki sifuri: Jumapili tena. Ukiisahau ile ya 1964 utapata Jumamosi na utakuwa umekosea siku nzima.

Tukio lilitokea usiku Marekani. Huku kwetu ilikuwa tarehe gani?

Hesabu hizi ni za Tanzania, Kenya na Uganda:

- London: ongeza saa 3 majira ya baridi, saa 2 majira ya joto.
- New York, Philadelphia: ongeza 8 baridi, 7 joto.
- Memphis, Iowa, Chicago: ongeza 9 baridi, 8 joto.
- Los Angeles, San Francisco, Seattle: ongeza 11 baridi, 10 joto.

Burundi, Rwanda, Goma na Lubumbashi wapunguze saa moja kwenye jibu. Oman waongeze moja.

Kisha geuza kuwa saa ya Kiswahili. John Lennon wa Beatles alipigwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980, kama saa 22:50 ya huko. Ukiongeza 8 unapata 30:50. Toa 24, ni 06:50 ya tarehe 9. Kwa hiyo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Jumanne. Kumbukizi ya dunia inabaki 8 Desemba, kwa sababu tarehe ya tukio hufuata mahali lilipotokea. Ila ukitaka kukaa kimya kwa dakika moja katika saa yenyewe, fanya hivyo asubuhi ya tarehe 9.

Hali ni hiyohiyo kwa tamasha la Woodstock, jimbo la New York. Mwimbaji Richie Havens alipanda jukwaani Ijumaa, 15 Agosti 1969, saa 17:07. Ongeza 7, ni 00:07, Jumamosi. Kiswahili kinalimaliza tatizo hili vizuri kuliko saa za Kizungu: sema "saa sita na dakika saba, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", na kila msikilizaji ataelewa.

Kuna kipindi kimoja ambacho jedwali hapo juu linadanganya. Kuanzia Februari 1968 hadi Oktoba 1971 Uingereza iliacha saa zake mbele mwaka mzima, bila kuzirudisha majira ya baridi. Beatles walipopiga juu ya paa la jengo namba 3, Savile Row, London, tarehe 30 Januari 1969 kama saa 12:30 mchana, ongezeko ni saa 2 japokuwa ni Januari. Huku ilikuwa saa nane na nusu mchana, si saa tisa na nusu.

Nimeona "7/6/1957". Ni Juni au Julai?

Ukurasa wa Marekani huanza na mwezi. John Lennon na Paul McCartney walikutana kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's, Woolton, Liverpool, tarehe 6 Julai 1957. Mmarekani huandika 7/6/57. Sisi tukisoma tunapata 7 Juni. Jim Morrison, mwimbaji wa The Doors, alifariki Paris 3 Julai 1971, na 7/3/71 imeshawapeleka watu Machi. Andika mwezi kwa herufi kwenye karatasi yako ya studio, kila mara.

Tarehe za Freddie Mercury ni zipi, na za Zanzibar ni zipi?

Hapa tuna haki ya kuwa sahihi kuliko wote, maana mwimbaji huyu wa bendi ya Queen ni mtoto wa Mji Mkongwe. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, siku ya Alhamisi, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Alisoma shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, India, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya 12 Januari, familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Kutoka siku ya Mapinduzi hadi Beatles kuonekana kwenye kipindi cha Ed Sullivan ni siku 28 kamili. Mtangazaji mzuri anaweza kujenga kipindi kizima juu ya wiki hizo nne.

Alifariki nyumbani kwake Kensington, London, Jumapili, 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Siku moja kabla, tarehe 23, ndipo taarifa yake ya kuwa na UKIMWI ilipotolewa. Tarehe hizi mbili huchanganywa sana. Tamasha la kumuenzi lilifanyika uwanja wa Wembley tarehe 20 Aprili 1992, na sanamu yake kule Montreux, Uswisi, ilizinduliwa 25 Novemba 1996. Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani, Zanzibar, mwaka 2019.

Tarehe za kuweka kwenye kalenda: 5 Septemba 2026, Jumamosi, miaka 80 tangu kuzaliwa, 24 Novemba 2041, Jumapili kama ilivyokuwa 1991, miaka 50 tangu kufariki, na 5 Septemba 2046, Jumatano, karne nzima.

Kwa anayetaka kuandaa jambo Unguja: mwaka 2006 sherehe ya ufukweni ya miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kupingwa na kikundi cha kidini. Chagua namna inayokaa na mji. Matembezi ya asubuhi ya Mji Mkongwe, mazungumzo kuhusu maisha ya Waparsi wa Zanzibar, au usikilizaji wa santuri ndani ya ukumbi vitafika mbali kuliko disko la ufukweni, na pengine vitamheshimu zaidi.

Queen walitimiza miaka 50 mwaka gani?

Inategemea unahesabu nini. Freddie, Brian May na Roger Taylor walianza kutumia jina hilo mwaka 1970, na stempu za posta ya Uingereza za miaka 50 zilitoka 2020. John Deacon, mpiga besi, alijiunga 1971, na hapo ndipo kikosi kilipokamilika. Bendi yenyewe iliadhimisha miaka 40 mwaka 2011. Singo yao ya kwanza ilitoka Julai 1973. Mwaka huo wa 1973 ndio unaohesabika kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la roki la Cleveland, ambako msanii hufikiriwa baada ya miaka 25 tangu rekodi yake ya kwanza kuuzwa. Miaka hiyo ilitimia 1998. Queen waliingizwa 2001.

"Bohemian Rhapsody" ilitoka Uingereza 31 Oktoba 1975, Ijumaa. Ina urefu wa dakika 5 na sekunde 55, na ilikaa namba moja wiki 9. Usiikate hewani. Waliotaka ikatwe mwaka 1975 walishindwa, na mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio aliipiga mara 14 ndani ya siku mbili.

Je, 13 Julai ni Siku ya Roki Duniani?

Jina ni la dunia, lakini nchi inayoishika kwa dhati ni Brazil. Tarehe yenyewe ni ya Live Aid, matamasha ya 1985 yaliyoandaliwa na Bob Geldof na Midge Ure kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia. Wembley ilianza saa 12:00 adhuhuri, kwetu saa nane mchana, Status Quo wakifungua. Queen walipanda 18:41, kwetu saa mbili na dakika 41 usiku, wakapiga kama dakika 21. Kila bendi ilipewa muda wa namna hiyo, na jukwaani ziliwekwa taa za kijani, njano na nyekundu kama za barabarani ili mtu ajue muda unakwisha. Waandaaji wetu wa matamasha wangeiga taa hizo kesho asubuhi. Tamasha letu likichelewa, mara nyingi chanzo ni bendi ya kwanza iliyopewa dakika 20 ikapiga 50.

Kuna jambo linalotuhusu katika mlolongo huu. Usiku wa 28 Januari 1985, wasanii wa Marekani walipokuwa Hollywood kurekodi "We Are the World", Stevie Wonder alitaka kiwekwe kibwagizo cha Kiswahili. Kikapingwa kwa hoja kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Hoja ilikuwa ya haki.

Kwa nini maadhimisho ya Woodstock yameharibika mara mbili?

Kwanza tarehe. Tamasha lilitangazwa kwa siku tatu, 15 hadi 17 Agosti 1969, lakini likaisha Jumatatu tarehe 18: mvua na ucheleweshaji vilisukuma ratiba, na Jimi Hendrix akapanda mwishoni, kama saa tatu asubuhi ya huko, umati mkubwa ukiwa umeshaondoka. Wala halikufanyika katika mji wa Woodstock, bali shambani kwa Max Yasgur, Bethel, baada ya mji wa Wallkill kulikataa mwezi mmoja kabla. Uzio haukukamilika kwa wakati, tiketi zikawa hazina kazi, na watu zaidi ya 400,000 wakafika.

Maadhimisho ya miaka 30 yalifanyika 22 hadi 25 Julai 1999 mjini Rome, New York, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga. Soma makosa yake kama orodha ya ukaguzi. Uwanja ulikuwa lami na zege, joto likakaribia nyuzi 38, kivuli hakuna. Chupa ya maji iliuzwa dola 4. Vyoo vilizidiwa siku ya kwanza. Usiku wa mwisho umati uliokwisha kukasirika uligawiwa mishumaa kwa ajili ya ibada ya amani. Mishumaa hiyo ikawasha mioto. Kulikuwa pia na visa vya kubakwa kwa wanawake, na hilo lisiachwe nje ya kumbukumbu kwa sababu tu linachafua hadithi.

Maadhimisho ya miaka 50, mwaka 2019, hayakufanyika kabisa. Mpangilio wa anguko lake unafundisha: tiketi zilikuwa zianze kuuzwa 22 Aprili, zikasimama kwa kuwa kibali cha mkusanyiko mkubwa kilikuwa hakijatoka, tarehe 29 Aprili mfadhili mkuu alijitoa, Juni kiwanja cha Watkins Glen kikajitoa, mji wa Vernon ukanyima kibali, jaribio la kuhamia Maryland likawafanya wasanii wajitoe mmoja mmoja. Tarehe 31 Julai likafutwa rasmi. Kibali kilipaswa kuwa cha kwanza, kabla ya orodha ya wasanii. Huku kwetu mpangilio ni huohuo: kiwanja kwa maandishi, kibali cha mamlaka na polisi, leseni ya muziki, ndipo bango.

Kwa kifo, nitumie siku ya kufa au siku mwili ulipokutwa?

Siku ya kufa kama imethibitishwa. Kurt Cobain wa Nirvana alikutwa Seattle 8 Aprili 1994, lakini cheti kinataja 5 Aprili. Habari ilienea tarehe 8, na ndiyo maana watu wazima wanaikumbuka hiyo.

Wanamuziki Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson walipiga muziki Clear Lake, Iowa, usiku wa 2 Februari 1959. Ndege ndogo iliyowabeba iliruka baada ya saa sita usiku na kuanguka. Kifo ni 3 Februari, pamoja na rubani Roger Peterson, ambaye jina lake husahaulika isivyo haki.

Elvis ni 16 Agosti 1977, Memphis, akiwa na miaka 42. Alitangazwa kufariki saa 15:30, kwetu saa tano na nusu usiku wa siku hiyohiyo. Tarehe hiyohiyo ya mwaka 1938 alifariki Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues, akiwa na miaka 27. Na 3 Julai ni ya wawili: Brian Jones wa Rolling Stones 1969 na Jim Morrison 1971, miaka miwili kamili kati yao, wote na miaka 27. Unaweza kuwaweka kipindi kimoja. Usiongeze maneno ya laana au nyota. Hao walikuwa watu wenye mama na ndugu.

Beatles walivunjika lini?

10 Aprili 1970 ndiyo siku magazeti yalipoandika kuwa Paul McCartney ameondoka. Lennon alikuwa ameshawaambia wenzake Septemba 1969, ndani kwa ndani. McCartney alifungua kesi ya kuvunja ushirika 31 Desemba 1970, na ushirika ukafutwa kisheria Januari 1975. Kwa redio tumia 10 Aprili na useme "siku dunia ilipojua".

Kwa nini rekodi nyingi za zamani hutolewa miaka 50 inapokaribia?

Mapenzi yapo, lakini kuna sheria pia. Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, mabadiliko yakaanza kutumika Novemba 2013, kwa sharti kwamba rekodi iwe imetolewa kabla miaka 50 haijapita. Iliyofungiwa kabatini hupoteza ulinzi. Ndiyo sababu mwishoni mwa 2012 zilitoka nakala kama 100 tu za rekodi za Bob Dylan za miaka 50 nyuma, na Desemba 2013 nyimbo 59 za Beatles za 1963 zikawekwa iTunes bila makeke. Ukiona toleo dogo la ajabu mwezi Desemba, umeshajua.

Afrika ina tarehe zake?

Inazo, na hazitajwi vya kutosha. Agosti na Septemba 1973 Paul McCartney, mkewe Linda na Denny Laine, wa bendi ya Wings, walirekodi sehemu kubwa ya "Band on the Run" katika studio ya EMI, Lagos. Wenzao wawili walikuwa wamejitoa muda mfupi kabla ya safari, na mjini humo waliporwa kanda za majaribio. Tarehe 7 Oktoba 1988 ziara ya haki za binadamu ya Amnesty International ilifika Harare, ikiwa na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel, Tracy Chapman na Youssou N'Dour, na siku mbili baadaye ikawa Abidjan. Zambia ilikuwa na Zamrock, roki yake yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, bendi ya WITCH ikiongozwa na Emanuel "Jagari" Chanda. Na Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi iliyoanza 1970 na kutoa albamu "Ave Africa" mwaka 1976. Oktoba 1984 Queen walipiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi, wakilaumiwa sana. Tarehe hiyo nayo ni ya historia, hata kama hakuna atakayeikatia keki.

Walio karibu na bendi za leo waandike tarehe sasa: siku ya kurekodi, siku ya kupakia, onyesho la kwanza na kikosi chake. Albamu ya kwanza ya Duma, bendi ya Nairobi, ilitoka 2020 kwa lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. 2030 si mbali.

Nina kipindi cha saa moja cha kumbukizi. Nikipangeje?

Toa matangazo kwanza. Yakichukua dakika 12, zinabaki 48. Nyimbo 8 za wastani wa dakika 4 ni dakika 32, na maneno yako dakika 16, yaani dakika 2 kabla ya kila wimbo. Ukiweka wimbo mrefu kama "Bohemian Rhapsody", ondoa mmoja mfupi badala ya kuukata. Taja tarehe kamili mara tatu: mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa kuwa msikilizaji wa daladala au matatu hakusikia mwanzo.

Kituo cha redio huwa na leseni yake. Ukumbi, baa au hoteli inahitaji ya kwake, na pa kuanzia ni ofisi ya hakimiliki: Zanzibar ulizia COSOZA, Tanzania Bara ulizia COSOTA na Kenya KECOBO ni chama gani chenye kibali cha kukusanya mirabaha mwaka huo. Wimbo na rekodi ni haki mbili tofauti. Bendi inayopiga wimbo wa Beatles jukwaani haigusi rekodi, lakini wimbo wa watunzi bado inaugusa.

Tukio la 29 Februari huadhimishwa lini?

Mfano upo: "Sgt. Pepper" ilishinda Grammy ya Albamu ya Mwaka tarehe 29 Februari 1968, albamu ya kwanza ya roki kupata tuzo hiyo. Katika mwaka mfupi tumia 28 Februari, ili tukio libaki ndani ya mwezi wake. Miaka 60 yake inatimia 2028, ambao ni mwaka mrefu, na tarehe 29 Februari itakuwa Jumanne.